Barua ya Shukrani Niliyomwandikia Baba

Nyumbani kwetu Nyakatuntu mwenye mwandiko mzuri nilikuwa mimi. Nilimaliza kidato cha nne, hesabu zikanishinda, nikajifunza cherehani na kupanga kibaraza Kaisho, nikawa nashona sare za shule. Lakini barua zote za ukoo zilipitia mikononi mwangu: barua za posa, za kumwombea mtoto uhamisho, za kumwalika mchungaji aje kubariki nyumba. Nilizozipenda zaidi ni barua za shukrani. Kanisani kwetu mtu akipona ugonjwa au akivuka tatizo, familia hupeleka sadaka pamoja na barua. Katibu huisoma mbele ya waumini wote, familia ikiwa imesimama mbele, na ibada ikiisha, mkungu wa ndizi au kuku waliyekuja naye hupigwa mnada nje. Watu walisema barua zangu zinaliza. Nami nilikuwa mjinga wa kutosha kujivunia jambo hilo.

Babu na bibi yangu walivuka mto Kagera wakitokea Rwanda, zamani, kabla Baba hajazaliwa. Bibi alitufundisha kusema murakoze, yaani asanteni, kabla hajatufundisha kuomba maji. Alituambia kwamba sisi ni watu tuliopokelewa, na mtu aliyepokelewa hachoki kushukuru. Baba alizaliwa hapa hapa, kwenye kibanja hiki chenye migomba na kahawa, akabatizwa hapa, akaoa hapa, lakini somo la mama yake lilimkaa. Alikuwa akimshukuru hata kondakta kwa kumrudishia chenji yake mwenyewe. Tulikuwa tunamcheka. Leo nikikumbuka kicheko chetu nasikia vibaya.

Kahawa ilipokuwa haijaiva, Baba alikuwa anafanya kibarua cha ujenzi. Mwaka ule alikuwa Kayanga, kwenye jengo la maduka la tajiri mmoja ambaye sikuwahi kumwona. Aliyekuwa akijenga ni mkandarasi wa huku kwetu, mzee wa kanisa letu, mtu wa kukaa kiti cha mbele. Vibarua walilipwa kila Jumamosi, mkononi, bila karatasi. Jukwaa la kusimamia walilifunga kwa mirunda, miti ya mikaratusi iliyokatwa juzi, bado mibichi, na fundi mmoja alishasema kwamba ule upande wa nyuma unacheza. Akajibiwa kwamba zege haliwezi kusubiri. Baba alikuwa juu akipokea karai la zege upande ule ulipoachia. Alianguka chali juu ya rundo la tofali, na mrunda mmoja ukamfuata.

Nyonga ilivunjika, na paja la kulia likavunjika mara mbili. Mkandarasi mwenyewe alimpakia kwenye pikapu yake na kumfikisha hospitali, na sitamnyima hilo. Alilipa kitanda, akalipa picha na vyuma walivyomwekea, na kila Jumapili jioni alikuja wodini na mkate na sukari, akaomba sala ndefu akiwa amemshika Baba mkono. Mama alikuwa analia kwa furaha. Wagonjwa wa vitanda vya jirani walikuwa wanatuonea wivu, nasi tulijiona tuna bahati. Ndivyo tulivyokuwa, tunavunjiwa mtu halafu tunajiona tuna bahati.

Baba alipotoka hospitali na magongo mawili, hakukuwa na mjadala: lazima twende kanisani kushukuru. Siku mbili kabla ya Jumapili hiyo mkandarasi alipita kibarazani kwangu Kaisho. Nikamwamkia shikamoo, nikampa kiti. Aliuliza hali ya Baba, akasifu sare zilizokuwa zimetundikwa, halafu akasema amesikia naandika barua.

"Binti yangu," akasema, "usilitaje lile jengo. Mwenyewe ni mtu mkubwa, ataona ametangazwa. Andika tu kwamba mzee alipata ajali akiwa katika shughuli zake."

Wala sikuona ubaya. Barua ya shukrani ina adabu yake: huwezi kumshukuru mtu huku ukimnyooshea kidole. Anayekuja kushukuru kwa kupona tumbo hatangazi kwamba aliugua kwa pombe. Kwa hiyo niliandika kama alivyotaka, kwa kalamu mpya, mistari ikiwa imenyooka. Tena nikaongeza langu ambalo hakuna aliyenituma. Niliandika kwamba familia haina kinyongo wala dai lolote kwa mtu yeyote, bali ina shukrani tu. Niliona sentensi hiyo inafunga barua vizuri. Niliisoma kwa sauti peke yangu mara tatu, nikapendezwa nayo.

Jumapili ikafika. Baba alisimama mbele kwa magongo, koti lake la harusi likiwa linampwaya, Mama upande mmoja na mimi upande wa pili. Katibu aliposoma ile sentensi yangu ya mwisho, kanisa zima liliguna kwa kuguswa. Nje, mkungu wetu ulipopigwa mnada, mkandarasi alipanda dau mpaka watu wakapiga makofi, akaununua, akampa mchungaji. Baba alimshika mkono kwa mikono yake yote miwili, magongo yakaanguka, ikabidi niyaokote. Barua ilipigwa muhuri wa ofisi ya kanisa na kuwekwa kwenye faili, na mkandarasi akaomba nakala, awe na kumbukumbu.

Baada ya siku hiyo hakuja tena. Mkate ukaisha, sala zikaisha, hata salamu zikaisha. Mguu wa kulia ulipona ukiwa mfupi, na nyonga ikagoma kabisa kukunjika. Baba hakuweza kuinama kupalilia wala kubeba mkungu. Mwanamume aliyekuwa anaamka kabla ya jogoo akawa anakaa barazani anamenyea Mama ndizi, anamenya polepole, na anamshukuru kwa kumletea kisu.

Aliyenifumbua macho ni msaidizi wa sheria, mama mmoja aliyekuwa na meza yake siku ya gulio Kayanga. Nilikuwa nimekwenda kununua vitambaa. Nilisimama kwake kwa sababu ya kivuli, nikaanza kumsimulia. Akaniambia taratibu kwamba kibarua naye ni mfanyakazi, hata kama hana karatasi na analipwa mkononi. Akasema mwajiri alipaswa kuitolea taarifa ajali ile, na kwamba ulemavu wa kudumu alioupata mtu kazini una fidia yake kwa sheria. Matibabu yale hayakuwa hisani. Nilimkatiza nikamwambia mkandarasi ametusaidia sana. Alinitazama, akaniuliza nani alimtaka Baba apande jukwaa lile. Nilirudi Kaisho bila vitambaa.

Nilimficha Baba kwa wiki moja, kisha nikamwambia nusu yake: kwamba serikali ina fidia kwa walioumia kazini na inabidi tuombe. Neno serikali alilipenda. Akaweka dole gumba kwenye fomu, nami nikapanda basi kwenda Bukoba, ofisi ya kazi. Afisa kijana alinipokea vizuri. Akaandika barua kwa mkandarasi kumtaka aeleze. Akaniambia nirudi baada ya mwezi.

Niliporudi, faili lilikuwa limenenepa. Mkandarasi alikuwa amejibu kwamba mtu huyo hamjui kama mfanyakazi, wala jina lake halimo kwenye daftari la vibarua. Anamfahamu kama muumini mwenzake, na alimsaidia kwa upendo wa Kikristo baada ya kusikia amepata ajali katika shughuli zake binafsi. Na kama ushahidi, alikuwa ameambatanisha nakala ya barua yetu.

Afisa aliisukuma mbele yangu. Niliutambua mwandiko wangu kabla sijasoma neno, zile g zangu zenye mkia mrefu nilizokuwa nasifiwa shuleni. Muhuri wa kanisa ulikuwa umekaa pale pale juu ya sentensi yangu ya haina kinyongo wala dai lolote. Afisa akauliza barua hiyo iliandikwa na nani. Nikamwambia. Hakunilaumu, na afadhali angenilaumu. Nilisikia aibu ambayo mpaka leo sijui niiweke wapi, maana yale mengine nilitumwa, lakini ile sentensi ilikuwa yangu mwenyewe.

Hata hivyo akasema barua peke yake haimalizi dai. Baba ale kiapo kwamba alikuwa akifanya kazi pale kwa malipo na kwamba barua haikueleza ukweli wa ajali, na apatikane japo mwenzake mmoja wa kuthibitisha. Akanionya tusikawie, dai lina muda wake kisheria, na tulishapoteza miezi mingi hospitalini na kanisani.

Shahidi nilimpata. Ni yule fundi aliyesema jukwaa linacheza. Alikuwa ameshaacha kazi ya ujenzi na kufungua duka la vifaa vya baiskeli, na hakuwa na cha kupoteza. Alikuja nyumbani jioni moja, tukakaa barazani, nikamweleza Baba yote, safari hii bila kupunguza. Nikamsomea majibu ya mkandarasi. Baba alikuwa anamenya ndizi na hakuacha kumenya. Nilipofika kwenye kiapo, akaweka kisu chini.

"Nilisimama madhabahuni nikashukuru," akasema. "Leo nikaseme ile ilikuwa uongo? Watasema ndivyo walivyo watu wa ng'ambo, ukiwasaidia wanakugeuka."

"Baba, wewe umezaliwa hapa," nikamwambia.

"Najua. Nani mwingine anajua?"

Nilimpandishia sauti baba yangu siku hiyo, jambo ambalo sikuwahi kulifanya na sijalirudia. Nilimwambia kwamba ng'ambo ameibeba yeye kichwani, kwamba majirani walishasahau, kwamba aliyetugeuka ni yule anayekaa kiti cha mbele. Fundi naye akambembeleza. Mama akaokota maganda. Baba alitusikiliza wote mpaka mwisho kwa adabu yake ile ile, kisha akamshukuru fundi kwa kuja na kumwomba asiondoke bila kula. Kwenye kiapo hakuweka saini wala dole. Nilikwenda tena kwake mara nne na ile karatasi, na mara zote nne nilirudi nayo kama ilivyo. Kisha muda ukapita, na hapakuwa tena na la kwenda kumwomba.

Nilimkasirikia Baba kwa muda mrefu. Bado namkasirikia siku nyingine, ninapomwona anavuka uwanja kwa magongo kwenda chooni na inamchukua muda wa mtu kufua shati. Lakini hasira hiyo ikimaliza kumzunguka yeye inarudi kwangu, maana yeye alishukuru tu kwa mdomo, na maneno ya mdomo yangekwenda na upepo. Aliyeyaweka kwenye karatasi ni mimi. Niliacha kuandika barua za watu. Wakija nawaambia macho yamechoka na cherehani.

Mwaka huu, mwanzoni mwa mvua, aliingia kibarazani kwangu mwanamke kijana ana mtoto mgongoni. Akaniamkia shikamoo dada. Akasema mume wake ameanguka kutoka kwenye paa la jengo, hapa hapa Kaisho, mgongo umeumia, yuko hospitali, na bosi amelipa kila kitu, Mungu ambariki. Jumapili wanataka kushukuru. Ameambiwa mimi naandika vizuri. Kabla sijamwambia habari za macho yangu, akafungua mfuko wa rambo akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne. Bosi amempa mfano, akasema, ili nisipate taabu.

Ilikuwa nakala ya nakala, wino umefifia, na jina la Baba limefunikwa kwa karatasi nyeupe wakati wa kutoa kopi. Lakini zile g zilikuwa na mikia yao. Na pale chini, imepigiwa mstari kwa kalamu ya bluu ili isisahaulike, ilikuwepo sentensi yangu.

Nikazima cherehani. Nikamkalisha yule mama, nikampa mtoto wake kipande cha muwa, na nikamwambia kila kitu: jukwaa, wodi, mkate na sukari, mnada, Bukoba, kiapo, muda uliopita. Nikamwambia barua hii ni yangu na imemla baba yangu. Nikamwandikia kwenye karatasi safi tarehe ya ajali, mahali, kazi aliyokuwa akifanya mume wake, nani alimtuma juu ya paa, na namna ya kuifikia ofisi ya kazi. Nikamwambia nauli nitatoa mimi na nitakwenda naye. Sikupumzika mpaka nikaishiwa maneno.

Alinisikiliza vizuri sana. Alikunja karatasi yangu, akaiweka mfukoni pamoja na ile nyingine, akasimama, akanipa mikono yote miwili akipiga goti kidogo. Akanishukuru kwa muda wangu, akanishukuru kwa muwa wa mtoto, akaniombea baraka. Kisha akauliza, kwa upole, kama hapa Kaisho kuna mwalimu mwenye mwandiko mzuri, na anakaa nyumba ipi.