Mafuta Mekundu ya Benzi la Baba

Mafuta ya usukani yana harufu ya utamutamu, kama sukari iliyoungulia chini ya sufuria. Nikiisikia kwa muuza vipuri pale Kashikishi, najikuta tena nina miaka kumi, nimekaa mlangoni kwetu Nchelenge, na baba mdogo Chanda ameinama kwenye injini huku suruali ya kaki ikimbana makalio. Mnisamehe kwa kuanza na makalio. Ndiyo sehemu yake niliyoitazama kwa muda mrefu zaidi siku ile, na sidhani kama upande wa pili ulikuwa na akili zaidi.

Benzi lilikuwa la baba yangu, mwalimu, na lilikuwa la zamani kunishinda mimi. Mama alitoka Pweto, ng'ambo ya ziwa, upande wa Kongo, akauza mawese, mafuta mekundu ya michikichi, sokoni. Gari lile ni zito, na usukani wake husaidiwa na mafuta yanayosukumwa na pampu. Baba alisoma kitabu cha gari, kikasema mafuta mekundu, yaleyale ya giaboksi ya otomatiki. Lakini aliyechagua ni mama. Siku hizo mafuta hayo yalikuja kwa pipa, unapimiwa kwenye chupa yako mwenyewe, na kutoka kwenye pipa unaweza kuuziwa lolote. Mama aliyapima kama alivyopima mawese: tone kati ya vidole, kisha puani, kisha tone jingine kwenye kitambaa cheupe, halafu anasubiri. Mazuri yalitandaa yakabaki mekundu mpaka ukingoni. Yaliyokwisha kutumika yaliacha doa la kahawia katikati, na muuzaji alisikia maneno yake. Baba alisimama pembeni na kitabu chake, anafurahi tu. Nyumbani mama aliyaweka kwenye dumu la njano, mstari mmoja na madumu ya mawese, akalifunga kitambaa shingoni tusije tukakaangia samaki.

Baba alipofariki, ndugu zake walikuja kugawana. Kwao mali ya marehemu hufuata ukoo wa mama yake, kwa hiyo mimi na mama hatukuwamo. Walibeba viti, redio, hata pazia la chumbani, wakilia kwa sauti huku wakikagua pindo lake. Mama aliomba kitu kimoja tu, gari. Bila gari asingeweza kutoa madumu bandarini na kuyapeleka masoko ya mbali, na bila mawese mimi nisingesoma. Wakamwambia atabaki na sufuria. Benzi akapewa baba mdogo, mdogo wake baba, karani huko Mansa, mtu aliyekuwa hajawahi kumiliki hata baiskeli isiyo na pancha.

Alikuja kulichukua asubuhi ya Jumamosi, amevaa tai. Akafungua boneti, akafungua kifuniko cha mafuta ya usukani, akaona wekundu. Akageuka kutazama mstari wa madumu ya mama. Akachovya kidole cha karani, akakinusa, akakionja. Ndiyo, alikionja. Kisha akawaambia majirani kwa Kibemba kwamba huyu Mkongo amemwekea marehemu mawese kwenye Benzi, na sasa tunajua gari lilivyochakaa. Majirani walicheka. Watu waliokula samaki wetu miaka yote walicheka mpaka wakashikana mabega.

Akaenda dukani kuchagua mafuta ya kistaarabu. Alirudi na chupa nne ndogo za mafuta ya breki. Aliyapenda kwa sababu yalikuwa maangavu kama maji ya kunywa, na kwa sababu chupa iliandikwa hevi dyuti, maneno aliyoyasoma kwa sauti mara tatu ili majirani wasipitwe. Mekundu aliyafyonza kwa bomba la sindano akayamwaga uani. Kuku mmoja alikuja kuonja, akaondoka. Kuku alikuwa na busara kumpita.

"Shemeki," mama alisema kwa Kiswahili cha kwao, polepole, "hii nyekundu njo mafuta yake. Ile ni ya freni. Itakula makaushu, ile mipira ya mu pompe, usukani itakuwa nguvu kugeuza."

Kiswahili cha baba mdogo kilitosha kupunguza bei ya samaki, na alijivuna kwamba hakijui zaidi ya hapo. Alifungua chupa ya kwanza, akaanza kumimina bila kugeuka.

"Hapa ni Zambia," alisema kwa Kibemba. "Anayetaka kunifundisha gari aongee lugha ya watu."

Mama akakunja mikono. "Eya mukwai," alijibu, kwa heshima yote ya kumwitikia bwana mkubwa, akaingia jikoni.

Nilimdharau. Nasema kama ilivyokuwa: baba mdogo nilimchukia, lakini mama ndiye niliyemdharau. Niliona ameachia gari, ada yangu na jina lake mwenyewe kwa maneno mawili ya adabu. Usiku ule sikula ugali wake.

Haukuisha mwezi, Benzi lilirudi likivutwa na lori la samaki kutoka Mununga, ambako baba mdogo alikuwa amejaribu kubeba abiria. Mipira ya pampu ilikuwa imevimba na kulegea kama ugali wa jana, mafuta yanachuruzika, na usukani haukugeuka ila kwa kugombana nao. Baba mdogo alikuwa na malengelenge viganja vyote viwili. Fundi alikuwa amemweleza chanzo, lakini yeye aliona afadhali kurogwa kuliko kukosea. Gari lina uchawi wa Kikongo, alitangaza, na yeye halitaki tena.

Mama alimletea maji ya kunawa, akapiga goti. Kisha akamwomba, kwa Kibemba kilichonyooka kabisa, aseme hayo mbele ya ukoo wake na mbele ya mzee wa kijiji: kwamba halitaki, na kwamba sasa ni la mjane. Aliyasema siku ileile, kwa hasira, na wote wakasikia. Wiki iliyofuata mama alinunua mipira mipya, akaosha mabomba, akatia mafuta mekundu. Benzi lile lilibeba mawese mpaka nikamaliza shule.

Miaka mingi niliihesabu kuwa bahati, ujinga wa mtu mmoja uliotuangukia vizuri. Mwezi uliopita nilikuwa na mama kwa muuza vipuri. Sasa mafuta huja kwenye chupa zenye muhuri, naye bado alimlazimisha muuzaji afungue moja, akadondosha tone kwenye kitambaa. Hapo ndipo niliposikia upya Kibemba chake cha siku ile ya maji ya kunawa, kizuri kuliko cha baba mdogo mwenyewe.

Nikamuuliza kama baba mdogo angeweza kufia barabarani kwa mafuta yale.

"Hapana. Usukani ilikuwa itakuwa nguvu tu. Ni mikono ingemuuma."

"Na juu ya nini haukumwambia mu Kibemba?"

Mama aliinua kitambaa kwenye mwanga, akakagua ukingo wa doa.

"Angesikia," akasema.