Mguu Uliochelewa

Wasomaji wangu, wiki hii nimetoka Kilosa kumzika mzee mmoja aliyeendesha lori la vitunguu kutoka Lumuma hadi Morogoro kwa sehemu kubwa ya maisha yake. Alifia kitandani mwake, mkewe akiwa pembeni, na kwa dereva wa njia ile hilo ni jambo la kushukuru. Msibani walimsifu kwa safari zake. Mimi namkumbuka zaidi kwa siku aliyoamua kuacha kuendesha, maana nilikuwa nimekaa kando yake.

Tulikuwa tumeshaipita Mikumi, pale barabara inapokatiza hifadhi, tukipiga soga. Swala akachomoka majanini. Lori lilisimama likiwa limeshapita pale alipovukia. Kilichomwokoa ni mbio zake mwenyewe. Mzee akawasha taa za hatari.

“Umemwona?” akaniuliza.

“Nimemwona, mzee. Katokea ghafla mno.”

“Hakutokea ghafla, mwanangu. Mimi nimemwona kabla yako. Mguu ndio umechelewa.”

Alitufikisha Morogoro kwa mwendo wa pole, na tuliporudi Kilosa akamkabidhi mwanawe funguo bila kuombwa. Nilimheshimu sana kwa hilo. Ubongo nao huzeeka, kama magoti. Uamuzi wa haraka huwa mzito, majina hutoroka, na kufuatilia watu watatu wanaoongea kwa pamoja huwa kazi kweli. Lakini maneno, uzoefu na uwezo wa kupima jambo mara nyingi hubaki palepale. Mzee anayepotea njia ya kwenda kwake, huyo apelekwe hospitali, asisingiziwe uchawi. Huyu wangu hakupotea. Alipungua kasi tu, tena alijijua.

Kilichoniudhi ni yaliyofuata. Watoto wake, watu wema kabisa, waliona aliyeacha usukani kaacha yote. Wakawa wanamalizia sentensi zake, wanapanga mambo ya shamba lake mbele yake kana kwamba hayupo. “Nimewapa funguo za gari,” aliniambia siku moja, “wamechukua na mdomo wangu.” Alisema akitabasamu, lakini iliniuma.

Nilipomtembelea mara ya mwisho nilimwamkia, nikamuuliza kama shamba la bondeni lingefaa vitunguu mwaka huu. Akawa anatafuta maneno. Mwanawe akadakia, “Linafaa, tutapanda.” Mzee akainua mkono taratibu.

“Nimeulizwa mimi,” akasema.

Tukasubiri. Ndipo mzee akatueleza, polepole, jinsi maji yanavyotuama pale mvua zikizidi na kitunguu kinavyooza kwa chini huku majani bado mabichi. Aliongea mpaka akamaliza, na uso wake ulikuwa na raha ambayo sikuwa nimeiona tangu aache kazi.

Basi, ndugu msomaji, mzee wako akikwama katikati ya sentensi, usimsaidie. Msubiri. Mimi huyu wangu, hata nikimsubiri mpaka kesho, hanijibu tena.