Matone Matatu Chini ya Masharubu

Papa Déogratias wa Bagira aliweza kudharau watu kumi kabla ya kumaliza chai ya asubuhi, wala hakujivunia uwezo huo. Kwa mtaa aliokuwa akiishi, alisema, kazi yenyewe ilikuwa rahisi mno. Miaka thelathini na mmoja alifanya kazi kiwandani, kwenye kile chumba cha matangi ambako magome ya mti wa kwinini yanaingia kwa tani na dawa inatoka kwa gramu. Huko alijifunza jambo moja ambalo, kwa maoni yake, Bukavu nzima ilikataa kulijifunza: kwamba kitu kikikamuliwa mpaka kikabaki kidogo, ukali wake haupungui pamoja na ukubwa. Unabaki wote, umebanana mle ndani, unamsubiri mjinga.

Wajinga hawakuchelewa. Mwaka huu walifika wakiongozwa na maman Micheline, jirani wa nyumba ya tatu, ambaye maishani mwake alikuwa ameuza nguo za mitumba, kisha nywele za bandia, kisha sufuria zisizoshika chakula, kila bidhaa kwa imani ileile. Sasa aliuza mafuta makali ya mimea. Alikuwa amesoma wiki mbili kwa ujumbe wa sauti kwenye simu, na mwisho wa masomo akapata diploma, ambayo aliitoa mwenyewe kwa mashine pale mjini na kuibandika muhuri wa rangi ya dhahabu. Mafuta yake ya mkaratusi yalitoka Idjwi, kwa mtu mmoja anayechemsha majani ndani ya pipa na kukusanya kile kinachopanda na mvuke. Déogratias aliyanusa, na kwa uchungu mkubwa akakiri kwamba huyo mtu wa kisiwani alijua kazi yake. Chupa haikuwa na kosa lolote. Makosa yalianza ilipofunguliwa.

Na si kwamba watu hawakuonywa. Ndani ya kila boksi mlikuwa na karatasi ya Kifaransa: yasinywewe, yasipakwe kwenye ngozi bila kuchanganywa na mafuta ya kawaida, yasikaribie moto, macho wala watoto. Wanawake wa kikundi cha sala waliisoma karatasi hiyo, wakaielewa vizuri, na hilo ndilo lililomuumiza Déogratias kuliko mengine yote, kwa sababu ujinga wa mtu asiyejua kusoma una dawa. Ila Ijumaa ya kwanza ya mwezi, watu walipoweka mbele ya altare maji, chumvi na mafuta ya kubarikiwa, maman Micheline aliweka pale katoni nzima. Padri akanyunyizia meza yote, pamoja na soda ya mtu na mkoba wa mtu mwingine, akaenda zake. Tangu siku hiyo ikaeleweka Bagira nzima kwamba maonyo ya karatasi yalihusu mafuta ambayo hayajabarikiwa. Yaliyobarikiwa yangemdhuru nani?

Mke wa Déogratias, maman Apolline, alikuwa wa kwanza kujibu swali hilo kwa mwili wake. Alimimina nusu chupa ndani ya beseni la maji ya moto, akakaa humo apoze mgongo. Mafuta hayachanganyiki na maji, yanaelea juu. Kwa hiyo Apolline aliyakalia yote, bila kugawana na yeyote. Siku mbili alisali akiwa amesimama.

“Ni ugonjwa inatoka,” alieleza.

“Ni ngozi inatoka,” alisema Déogratias, akacheka mpaka akakohoa.

Kicheko hicho kilimgharimu. Kwa miaka mingi alikuwa amesema kweli nyingi, kila moja akiipaka pilipili, mpaka watu wa mtaa wakazoea kufanya kinyume cha maneno yake, ili kulinda heshima yao tu. Alipokuwa sahihi hawakusikia usahihi, walisikia pilipili.

Mambo yalikuwa hivyo mjukuu wake Carine, mtoto wa miezi mitatu, alipopata mafua. Hakuwa na homa. Pua tu iliziba, akawa ananyonya kidogo, anaachia ziwa, analia kwa hasira, anarudi tena. Mama yake, Mireille, alikuwa amekuja kujifungulia kwa wakwe kwa sababu mumewe Thierry anafundisha kule Mwenga. Jumamosi mchana kikundi cha sala kikafika kumwona mtoto, na sabuni, na unga wa uji, na maman Micheline.

Déogratias alikuwa uani anasoma gazeti la mwezi uliopita. Aliposikia neno “pua” akaliacha, akaingia sebuleni.

“Papa Déo, karibu,” alisema Micheline. “Leo tunafungua mutoto pua.”

“Na nini? Na turnevisi?” aliuliza, akizungusha ngumi kama mwenye bisibisi.

“Na hii.” Akainua kichupa cha kahawia. “Tone mbili chini ya pua, moja ku kifua. Ilisha barikiwa.”

“Hiyo ni mukaratusi. Mukaratusi haijue kama ilibarikiwa.”

“Munamusikia?” alisema maman Eulalie, mkubwa wa kikundi kwa umri na kwa sauti. “Mutu alibatizwa miaka makumi sita, na maji ingali haijafika ndani.”

“Mumuache,” alisema Apolline, aliyempakata mtoto. “Huyu, hata mvua ikinyesha, anauliza ni nani aliipa ruhusa.”

Wakacheka. Déogratias hakucheka, kwa sababu alikuwa amemtazama Mireille. Mkamwana hamwambii mama mkwe “hapana” mbele ya wageni, tena ndani ya nyumba ya mama mkwe. Jambo hilo halijaandikwa popote na ndiyo maana halivunjwi. Mireille alikuwa ameketi wima ukingoni mwa kiti, mikono imefungana juu ya magoti, anamtazama baba mkwe wake bila kupepesa. Alikuwa anaogopa. Na alikuwa na haki ya kuogopa, kwani Déogratias alijua kwamba mvuke wa mkaratusi, ukiwekwa puani pa mtoto mchanga, unaweza kumbana koo hadi pumzi isipite. Mtu mzima anapiga chafya na kufuta machozi. Mtoto wa miezi mitatu hana nafasi ya kufanya mzaha huo.

Kuwafukuza hakuweza. Kumwona mtoto ni shughuli ya wanawake, na mwanamume anayewafukuza wageni wa mtoto anatajwa mpaka Nyangezi. Kueleza pia hakuweza. Alikuwa ameeleza miezi minne, na matokeo yake yalikuwa yameketi mbele yake. Akachagua njia ya kiwandani: majaribio.

“Sawa,” alisema. “Munipake miye kwanza. Tone ile ile, fasi ile ile. Tuone.”

Micheline hakuamini bahati yake. Alisogea kabla mzee hajabadili nia, akamdondoshea mbili chini ya pua, na kwa ukarimu akaongeza ya tatu.

Sasa, Déogratias alikuwa amepiga hesabu ya ngozi: itakuwa nyekundu, wataiona, watafikiri. Hakuwa amepiga hesabu ya masharubu. Masharubu yake yalikuwa manene, ya mtu aliyestaafu, na yaliyanywa mafuta yale kama utambi wa taa, yakayashikilia palepale mlangoni mwa pua. Pumzi ya kwanza ikampanda hadi kwenye ubongo. Ya pili hakuipata. Akakohoa, akainama, na kwa aibu ambayo mtu wa matangi hapaswi kamwe kuipata, akajifuta jicho kwa kidole kilekile kilichogusa masharubu.

“Yesu!” alipiga kelele.

“Anamuita!” alipiga kelele Eulalie. “Anamuita kwa jina!”

Wanawake wote wakasimama. Mmoja akaanza wimbo, mwingine akaanza wimbo mwingine.

“Inatoka! Inatoka!”

“Roho ya ubishi, toka!”

“Toka na dharau yako!” aliongeza Apolline, kwa nguvu ya ndoa ya miaka thelathini na minane.

Mtu akammwagia maji ya baraka usoni. Maji hayaondoi mafuta. Yanayasafirisha tu, na haya yaliyasafirisha hadi kwenye jicho la pili.

“Maji hapana!” alilia Déogratias. “Mafuta! Mafuta ya kupikia!”

“Anaomba chakula,” alieleza Micheline kwa utulivu wa mtaalamu. “Roho ikitoka, mutu anasikia njaa.”

Mireille peke yake ndiye aliyefanya alichoambiwa. Alikimbilia jikoni, akarudi na chupa ya mafuta ya kupikia na kitambaa laini, akampangusa masharubu, kope na mashavu, akapangusa tena, mpaka baba mkwe wake akaweza kuvuta pumzi na kufungua jicho moja.

Kwa jicho hilo moja aliona matokeo ya majaribio yake. Nyuso zinang'aa. Mikono iko juu. Hakuna hata mmoja aliyeona ngozi iliyoungua. Wote walikuwa wameona ushindi. Na maman Micheline, kichupa mkononi, alikuwa akiinama juu ya mapaja ya Apolline.

“Mumeona nguvu yake? Sasa mutoto.”

Wakati wa kukasirika haukuwepo. Déogratias akainuka, machozi yanatiririka, masharubu yanameta kama sambusa, akatamka neno ambalo alikuwa amewaachia wengine kwa miaka mingi.

“Aleluya.”

Neno hilo lilimchoma kuliko mkaratusi. Apolline alimtazama kama mtu aliyemwona ng'ombe akifungua mlango kwa ufunguo.

“Amina!” alijibu Micheline, akanyooka. Kwenye ushuhuda, hata mwenye haraka anangoja.

“Bamaman, hii mafuta iko na nguvu.”

“Amina!”

“Tone tatu tu. Imeniangusha miye, mutu wa kilo makumi nane.”

“Amina!”

“Carine iko na kilo tano.”

“Ami...” Neno likakatika vinywani.

“Kilo tano, bamaman. Munisaidie. Nguvu yenye iliangusha kilo makumi nane, ikiingia mu kilo tano, ile ingine yote itaenda kukaa wapi?”

Hesabu ilikuwa mbovu, na mwenye kuitoa alilijua hilo. Mkuu wake wa zamani kiwandani angemcheka mwaka mzima. Lakini ilisemwa kwa sauti ya kanisa, na mtu aliyetoka kukombolewa, na kwa mara ya kwanza tangu ahamie Bagira, Déogratias alisikia chumba kizima kikimfikiria.

Aliyezungumza ni maman Eulalie. Kabla ya kuongoka, Eulalie alipika na kupima pombe miaka ishirini, habari ambayo kila mtu aliijua na hakuna aliyeitaja.

“Ni sawa vile kanyanga,” alisema polepole.

“Maman Eulalie!” walishtuka wenzake.

“Minasema tu. Kasiksi ya ndizi, mutu anajaza kikombe. Kanyanga, kifuniko tu, sababu ilipita mu moto, ikakuwa kidogo, ikakuwa kali. Nani anapatiaka mutoto kanyanga? Hata padri abariki jerikani muzima.”

“Lakini hii ni dawa,” alisema Micheline.

“Karatasi inasema nini?” aliuliza Déogratias, bado kwa sauti ile ya kanisa. “Mireille, mwanangu, utusomee.”

Mireille akaichukua karatasi ndani ya boksi la kichupa. Hakumpinga mtu; alikuwa anasoma, na kusoma si ubishi. Alisoma kwa Kifaransa, kisha kwa Kiswahili, kila neno kwa nafasi yake: yasitumike kwa watoto wadogo, hasa usoni na karibu na pua. Akaikunja. Akanyoosha mikono.

“Maman, munipe, nimunyonyeshe.”

Apolline akaachia. Mireille akamfunga mtoto mgongoni, akapitia mlango wa jikoni, akaenda moja kwa moja kwenye kituo cha afya, ambako nesi alimtia Carine matone ya serumu, maji safi ya chumvi, katika kila tundu la pua, akampangusa, akamwonyesha mama jinsi ya kufanya hivyo kabla ya kumnyonyesha. Shughuli nzima ilichukua muda mfupi kuliko wimbo wa kwanza.

Sebuleni, Déogratias hakuachwa. Mtu aliyekombolewa ana deni la maneno, na wanawake walikuwa wametoa madaftari. Akawaeleza. Tone tatu ndani ya kijiko kikubwa cha mafuta ya kawaida, si ndani ya maji. Jaribu kwanza kidogo kwenye mkono, ungoje hadi kesho. Usinywe. Usifungue chupa karibu na mbabula, jiko la makaa, kwa sababu mafuta haya yanawaka kama petroli. Iweke juu ya kabati, mbali na watoto. Mwenye mimba au mwenye pumu aulize nesi kwanza. Ni maneno yaleyale ya karatasi, yaleyale aliyoyasema kwa miezi minne. Sasa waliyaandika na kupiga mstari chini yake.

“Unaona hekima inakuja kisha kukombolewa,” Eulalie alimnong'oneza jirani yake, kwa sauti ya kusikika hadi barabarani.

Maman Micheline alirekodi yote. Kabla ya jioni, ushuhuda wa Papa Déogratias, mbishi aliyeangushwa na matone matatu, ulikuwa umefika Uvira, na watu wasiomjua walimpigia kumpongeza. Alipowaza kuwatumia ukweli, akasikiliza tena ile rekodi na kugundua kwamba habari ya kilo tano ilikuwamo, pamoja na ile ya kanyanga. Akaweka simu chini.

Apolline akaja kuketi karibu naye, kwa uangalifu, akiegemea upande mmoja.

“Aksanti Mungu,” alisema. “Ile mafuta ilikuponya kinywa.”

Jibu lilikuja lenyewe, zuri, kali, lenye kemia na lenye beseni ndani yake. Lakini Carine alikuwa amelala kati yao kwenye kiti kirefu, mdomo umefungwa, anavuta hewa kwa pua bila kelele, na jibu lile lingehitaji kicheko kikubwa mwishoni. Déogratias akalimeza. Lilikuwa na ladha ya mkaratusi.