Swichi ya Gia Imelika

Juzi, kwenye gereji moja hapa Lushoto, nilimkuta muuguzi mstaafu amekwama na gari lake kuukuu la otomatiki. Kila akigeuza ufunguo, kimya. Mumewe, aliyekuwa anawahi kliniki ya moyo Tanga, alikaa ndani ameshika kifua.

"Shikamoo mama," alisema fundi, binti mwenye ovaroli.

"Marahaba. Mafundi wengine wameniambia gia boksi imekufa."

"Haijafa. Swichi yake imelika, gari halijui kama liko kwenye P, gia ya kuegesha, kwa hiyo linakataa kuwaka."

Akaifungua, akasugua shaba zake kwa msasa, akairudisha. Mama akageuza ufunguo, gari likanguruma.

Mzee akashusha kioo. "Mwanangu, jana daktari aliniambia moyo wangu umechoka. Ungekuwa wewe daktari wangu, ningelala usingizi."

Tulicheka. Mkewe hakucheka, alimshika mumewe mkono kwanza, ndipo akaondoa gari.