Mwanvua na Marufuku ya Matabishi

Katika soko la Rumonge, mafuta ya mawese hupimwa kwa chupa ya bia. Mwanvua, Mwislamu aliyeshika dini tangu utotoni, hajawahi kuonja bia, lakini anaijua chupa hiyo kuliko mlevi yeyote wa mjini. Anajua shingo inapoanzia, tumbo linapodanganya, na povu kiasi gani mnunuzi mstaarabu anaweza kulivumilia. Babu wa baba yake alivuka kutoka Kongo kwa biashara, akasema atakaa msimu mmoja tu. Ukoo mzima bado unangoja msimu huo uishe.

Mwanvua hukaa mlangoni, upande wa kulia, mahali ambapo mtu anayeshuka garini kutoka Kabezi au Bujumbura humwona kabla hajamwona mwingine. Pale palikuwa pa mama yake. Hakuna karatasi inayosema hivyo, na hakuna aliyewahi kuiulizia. Mahali hapo pamemsomesha binti yake Sumaya uuguzi, pameezeka nyumba, na pamemwezesha Mwanvua kujua habari za mji nusu saa kabla ya watu walio katikati ya soko. Faida hiyo ya mwisho ndiyo anayoithamini kuliko zote.

Pale mlangoni ndipo pia alipojifunza kutoa matabishi. Neno hilo lilivuka ziwa pamoja na wazee wake na halikurudi. Ukishachagua, ukabishana, ukalipa, muuzaji anakuongezea kidogo: kitunguu kimoja, dagaa wachache, mafuta kidogo kwenye kibakuli ulichokuja nacho. Hayo ndiyo matabishi. Si zawadi, maana ukinyimwa unanuna. Si haki, maana huwezi kwenda nayo tribinali. Yako katikati, mahali ambapo wanasheria hawafiki na watu wengi ndipo wanapoishi.

Aliyetaka kuyaondoa ni Dismasi. Alirudi kutoka Tanzania baada ya miaka mingi ya ukimbizi, akiwa na mke, mabati, na Kiswahili kilichonyooka kiasi cha kuwatia watu wasiwasi. Kule kambini alikuwa akifundisha uchumi. Huku anauza mchele, na wauzaji walimchagua kuwa prezida wa komite yao kwa sababu ndiye pekee aliyeweza kuanza sentensi na kuimaliza.

Hoja yake ilikuwa nzuri, na tabu yote ilitoka hapo. Alisema mkutanoni kwamba matabishi hufuata uso. Mke wa mkubwa anapewa upawa mzima, maskini anapewa tone, ilhali wamelipa bei ileile. Basi hiyo si bei moja, ni bei nyingi zilizovaa kanzu moja. Riziki, mjane kutoka mtaa wa Gatete anayenunua mawese kila wiki kukaangia maandazi yake, akaomba neno.

"Mimi sipewi hata tone," akasema. "Napewa harufu."

Soko zima likacheka. Mwanvua alicheka kuliko wote, mpaka alipokumbuka kwamba harufu hiyo Riziki huipata kwake.

Mikono ikanyooshwa, na wa Mwanvua ukiwemo. Kuanzia siku hiyo: hakuna matabishi, chupa ni chupa. Atakayekamatwa mara ya kwanza na ya pili ataonywa. Ya tatu, anahamishwa mwisho kabisa wa soko, nyuma ya wachinja mbuzi, na mahali pake anapewa mwingine. Rachidi, fundi viatu anayeketi karibu na mlango, akateuliwa kuwa mlinzi wa sheria, kwa kuwa kazi yake inamruhusu kutazama miguu ya kila mtu.

Siku za kwanza kila mmoja aliisifu sheria. Kisha watu wakaanza kuiishi.

Zamani mtu alikuwa akinunua chupa ya mafuta bila kuitazama sana. Ikiwa imepungua kidogo shingoni, matabishi yatalipa. Ikiwa povu limezidi, matabishi yatalipa. Lile tone la mwisho lilifunga mdomo wa mnunuzi na kufungua njia ya kurudi. Sasa lilipoondoka, kila chupa ikawa kesi. Waliinua mafuta juani, wakayainamisha, wakangoja povu lishuke, wakaomba kulinganisha na chupa ya jirani. Mama mmoja wa Kigwena alikuja na chupa kutoka nyumbani kwake, akaisimamisha kama shahidi. Sheria iliondoa tone la mafuta ikaleta pipa la maneno.

Wauzaji nao hawakulala. Muuza ndimu alianza kuangusha moja kwa bahati mbaya ndani ya kikapu cha kila mteja wake. Bahati mbaya hiyo ilikuwa na nidhamu kubwa: haikumkosa mtu hata mmoja. Muuza chumvi hakuongeza chumvi, aliongeza dua, na wengine wakasema dua zake ni ndefu zaidi kwa wanaonunua kilo mbili.

Mwanvua hakuwa na ujanja huo. Tatizo lake lilikuwa mkono. Alikuwa akimhudumia mteja, huku akisimulia habari za mji, na mkono ukaenda wenyewe kwenye upawa, ukachota, ukamimina. Rachidi alilazimika kukohoa. Hilo likawa onyo la kwanza. La pili lilikuja wiki ileile, na mteja alikuwa shemeji yake Rachidi mwenyewe, jambo lililomletea Rachidi chakula cha kimya nyumbani kwake kwa siku kadhaa.

Baada ya hapo Mwanvua akaufunga upawa kwa kamba juu ya msumari. Alifanya kazi bila kusimulia habari, na mji ukakosa habari. Usiku alimwambia Sumaya kwenye simu kwamba haogopi mbuzi, anaogopa kukaa mahali ambapo mgeni akifika ameshajaza kikapu. Mlango aliachiwa na mama yake. Hakuwa tayari kuupoteza kwa sababu ya kiwiko.

Ndipo ikafika arusi ya Eliana.

Eliana ni binti yake Dismasi, na pwani hii mama wa bibi arusi huenda mwenyewe kununua mafuta ya karamu. Huenda na bidoni, yaani dumu, na pia na kibakuli kipya ambacho hakijawahi kutumika. Bidoni ni ya mafuta aliyoyalipia. Kibakuli ni cha matabishi, na matabishi hayo ndiyo ya kwanza kuingia chunguni, ili nyumba mpya ianze na kilichozidi, isianze na kilichopimwa. Waislamu hufanya hivyo, Wakristo hufanya hivyo, na kila upande husema umeiga kwa mwingine.

Jumamosi asubuhi Agata, mke wa Dismasi, akafika mlangoni na bidoni na kibakuli. Dismasi alikuwa nyuma yake. Alikuja kubeba.

Walisalimiana kwa amahoro ndefu. Mwanvua akajaza bidoni mpaka kwenye alama, akafunga, akapokea malipo, akashukuru kwa murakoze. Agata hakusogea. Alishika kibakuli kwa mikono miwili na kutabasamu kama mtu aliye kanisani.

"Mama Sumaya," akasema, "iko kitu umesahau."

"Sijasahau, mama. Uliza mume wako."

Dismasi akainama kuichukua bidoni, akamwambia mkewe polepole kwamba waende, watazungumza nyumbani. Agata akaweka mguu juu ya bidoni.

"Nyumbani tutazungumza mengi," akasema. "Lakini mafuta tunanunua hapa. Mutoto wangu aende kwa watu na mafuta yamepimwa kama dawa ya hospitali?"

Foleni ilikuwa imeshafika barabarani, na Riziki wa Gatete alikuwa wa pili. Wauza nyanya waliacha nyanya. Rachidi, mlinzi wa sheria, aliingiza kichwa chake ndani ya buti la mvua na kuanza kulichunguza kwa bidii.

Mwanvua alitazama upawa kwenye msumari. Akimpa, ni kosa la tatu, na kesho anaamka nyuma ya mbuzi. Asipompa, atakuwa mwanamke aliyepima arusi ya mtu, na hilo husimuliwa mpaka kwa wajukuu. Akafungua kamba, akaushika upawa, lakini hakuchota. Akamgeukia Dismasi.

"Prezida, nimpe ao nisimpe? Sema na mdomo wako, watu wasikie."

Ni mara chache mtu aliyesoma uchumi hukutana na swali la uchumi lililosimama mbele yake limeshika kibakuli. Dismasi alifungua mdomo. Sentensi ilianza, ikafika katikati, na kwa mara ya kwanza Rumonge waliona prezida wao ameshindwa kuimaliza. Mwishowe akasema jambo hilo si la mtu mmoja, ni la komite.

"Basi nangoja komite," Agata akasema, akakaa juu ya bidoni.

Komite haikuwa mbali, maana wanakomite wote walikuwa wamesimama pale wakitazama. Mkutano ukafunguliwa mlangoni, na foleni ikiwa kama bunge. Riziki akasema yeye hapingi matabishi, anapinga harufu: kama yapo, yawe sawa kwa wote. Dismasi akaupokea usemi huo kama mtu anayezama anavyopokea kamba. Akapendekeza matabishi yarudi kwa kipimo kimoja, kifuniko cha bidoni, awe mkubwa awe mjane. Muuza ndimu akauliza ndimu zitapimwaje kwa kifuniko. Akaambiwa aendelee na bahati zake mbaya. Mikono ikanyooshwa. Na maonyo ya Mwanvua? Yakafutwa, Rachidi akiwa wa kwanza kukubali, sauti yake ikitoka ndani ya buti.

Mwanvua akajaza kifuniko, akakimimina kwa heshima ndani ya kibakuli kipya. Watu wakapumua. Agata akatazama ndani, akainua macho.

"Hii ni ya komite," akasema. "Ya kwako iko wapi?"

Mwanvua akamtazama Dismasi. Dismasi akaigeukia barabara, akasema kwa sauti kubwa, bila kumlenga mtu, kwamba gari lile linalokuja lazima ni la Bujumbura, na akalitazama mpaka likapita, ingawa lilikuwa limebeba mchanga tu.

Upawa ukazama, ukatoka umejaa, ukamwagwa wote kibakulini. Vigelegele vilisikika mpaka kwa wachinja mbuzi. Mwanvua mwenyewe alipiga kimoja, akaanza hapohapo kusimulia habari za wiki nzima alizokuwa amezibana.

Kisha Riziki akasogea, akalipia chupa yake, akapokea kifuniko chake, na akabaki amenyoosha bakuli. Foleni nzima ilikuwa inaangalia, na hakukuwa na gari la kutazama. Mwanvua akacheka, akazamisha upawa na kumpa Riziki sawasawa na mke wa prezida, na aliyefuata, na aliyefuata, mpaka bidoni yake mwenyewe ya kuuzia ikalia tupu.

Jumatatu alikuwa mahali pake, kulia mwa mlango, upawa mkononi. Bei ya chupa ilikuwa imepanda kidogo, kiasi cha kifuniko kimoja na upawa mmoja. Hakuna aliyelalamika. Dismasi ndiye aliyegundua kwamba kila mtu sasa ananunua matabishi yake mwenyewe. Alipiga hesabu ile kichwani, akatabasamu peke yake, kisha akanyoosha bakuli lake.