Programu ya Swafia Yafumbuliwa Mdomo

Swafia huandika programu chumbani kwake Kibokoni, kwa lugha ya funksheni tupu. Kila funksheni, yaani kipande cha programu chenye kazi moja, hupokea kitu, hutoa kitu, na haipigi domo njiani. Majirani zake hawako hivyo.

Asubuhi moja Bonface, mwenye ofisi ya tiketi za mabasi Mwembe Tayari, akampigia simu akifoka.

"Dada, programu yako yauza kiti cha mbele mara mbili! Abiria wanashikana mashati. Ikifika adhuhuri bado, naitupa, na stendi nzima itajua kwa nini."

Swafia hakukawia, maana jina lake ndilo duka lake. Akafungua faili la mipangilio ya logi, yale maandishi ambayo programu hujiandikia juu ya kazi zake. Alikuwa ameiweka iandike makosa tu. Akabadilisha mstari mmoja iandike kila kitu, pamoja na jina la aliyebonyeza, akangoja.

Haikupita saa, logi ikaropoka: *Kiti 1, kakata tiketi Auma, karani. Kiti 1, kafuta Bonface. Kiti 1, kakata Bonface, abiria Beryl.*

Mwenye ofisi ana ruhusa ya kufuta, kwa hiyo programu haikuona kosa.

"Bwana Bonface," Swafia akamwambia kwa simu, "nikusomee wewe, au niwasomee abiria?"

Akamsomea.

"Beryl hupenda kukaa mbele," akanong'ona Bonface. "Hebu inyamazishe, dadangu."

"Ukishaitangazia stendi kwamba programu yangu haina ila."

Akatangaza, lakini habari ya majina nayo ikavuja. Kabla ya adhuhuri ofisi mbili zaidi za tiketi ziliitaka programu hiyo, zote zikiuliza kwa sauti ya chini kama ni lazima iandike majina.