Nahodha Aliyeuawa na Kasuku

Mtaa mzima ulimwita Kasuku, hata mkewe, na jina hilo alilipata kwa jasho la koo lake. Miaka kumi na tisa alikaa kwenye kiti cha plastiki kando ya televisheni, ndani ya banda la video la mabati, maiki mkononi, akizitia filamu za kigeni maneno ambayo watu wake wangeyaelewa. Alikuwa mfalme, alikuwa bibi harusi, alikuwa hata farasi ikibidi. Lugha ya filamu aliijua nusu. Nusu ya pili aliibuni, na hakuna aliyewahi kulalamika.

Ila kosa moja lilimganda. Miaka mitatu nyuma alionyesha filamu ya maharamia, banda likajaa hadi watu wakapakatana. Zikiwa zimebaki dakika kumi, diski ikakwama: nahodha wa maharamia ananing'inia kwenye kamba, upanga kati ya meno, na bahari inachemka chini yake. Watu wakaanza kupiga mabati. Kasuku, ili waende kwao kwa amani, akasema kwa sauti ya msiba, "Na hapo ndipo nahodha alipozama. Maji yakamfunika, yakasahau." Akazima.

Fundi viatu, mtu mzima mwenye wajukuu, alilia waziwazi. Tangu siku ile Kasuku hakupita njia bila kusimamishwa. "Ulimwona akifa, au ulikisia tu?" Waliouliza zaidi ni wale waliokuwa wamezika watu wao. Nahodha yule alikuwa mwongo, mlevi, mwoga kidogo, lakini alitoroka gerezani na pingu mkononi huku akiwacheka askari. Walimpenda kwa sababu wao hawakuwahi kutoroka chochote.

Ndipo ikaja sehemu ya pili. Mwenye banda akabandika tangazo ukutani: nahodha yu hai, kofia upande, anacheka.

Wiki hiyohiyo hospitali ikamwambia Kasuku kwamba uvimbe kooni haungoji tena. Jumatatu atapasuliwa, na kisanduku cha sauti kitatolewa pamoja nao. Hadi siku hiyo asiseme, hata kwa kunong'ona, maana sauti iliyobaki ilikuwa ya maneno ya kuhesabu.

"Jumapili mwanao atapiga simu," mkewe alimwambia, huku akipiga pasi shati la kwendea hospitali. Binti yao alikuwa mtumishi wa ndani ng'ambo, na tajiri wake alimruhusu simu mara moja kwa wiki. "Miaka minne hajakuona. Hiyo sauti iliyobaki ni yake. Ikizidi, nami unigawie neno moja."

Kasuku akaandika kwenye daftari: *Jumamosi nakwenda bandani. Filamu moja tu.*

"Filamu! Kwani watu hawana macho? Si wataona wenyewe kwamba yu hai?"

*Mimi ndiye niliyemuua.*

Mkewe akasoma, akacheka bila kupenda, kisha kicheko kikamgeukia kilio. "Huyo ana sehemu yake ya pili, bwana wee. Sisi tunayo?"

Jumamosi mchana akaenda. Nia yake ilikuwa kusema maneno machache mwanzoni, kisha anyamaze. Fundi viatu alikuwa mbele kabisa.

"Leo ukweli mtupu, we ndege!"

"Akimuua tena tunamnyonyoa!" mwingine akadakia, na banda likaangua kicheko.

Kasuku akainua maiki. "Nilikosea. Sikumwona akifa. Diski ilikwama."

Mabati yakavuma kwa makofi. "Alitokaje majini?" akauliza fundi viatu. Filamu haikusema, ilianza nahodha akiwa ndani ya pipa, anasinzia. Basi Kasuku akawasimulia: alivyoshika pumzi, alivyopanda mgongo wa kobe wa baharini, alivyokataa tu kufa. Aliposema hayo, nahodha akafumbua kinywa kwenye kioo, na Kasuku hakuweza kukiacha kitupu.

Alisema yote. Walipofika kwenye pigano la panga, sauti ilikuwa mkwaruzo, na mwenye banda akazidi kuongeza sauti ya spika. Walipofika kwenye dhoruba ilikuwa pumzi tu, na watu wakazuia vikohozi vyao wapate kusikia. Kitambaa alichojifutia mdomo kilikuwa kimeloa damu. Mwishoni fundi viatu akamshika mkono kwa mikono miwili. Alikuwa amezika wana wawili. "Nilijua," akasema. "Nilijua hakufa."

Jumapili saa nne asubuhi simu ikalia. Kasuku akaipokea, akafungua kinywa. Ukatoka upepo.

"Baba? Baba, mbona kimya? Mtandao?"

Akajaribu tena. Jasho likamtoka. Mkewe akamtazama mara moja, akaelewa, akaichukua simu. "Baba yako anakusikia, mwanangu. Ongea wewe." Akairudisha kwa mumewe, akamshikilia sikioni. Binti akaongea: mgongo wa tajiri unaomuuma, ngazi za ghorofa, baridi. Akasema, "Jumapili ijayo basi, Baba, mtandao ukiwa mzuri." Ikakatika.

Mkewe akachota maji ya vuguvugu. Kwenye ndevu za mumewe palikuwa bado na damu kavu. Akamfuta polepole, kidevu, shavu, pembe za midomo, na hakumwuliza kama filamu ilikuwa nzuri.